Aliyepanda Mbegu Yangu Kwenye Vumbi

Jumatano. Jua la leo halina adabu. Saa mbili asubuhi mabati yalikuwa yameanza kulia ka! ka! kama mtu anayavunja, na upepo wa ziwani unaleta vumbi peke yake. Nimekasirika. Nimekasirika tangu Jumapili na bado sijamaliza.

Kama wewe ni mgeni hapa, jua kwamba mimi ni nyanya niliyeishia darasa la tatu. Lilian, mjukuu wangu anayekaa Homa Bay, ndiye alinifungulia huu ukurasa alipochoka kunisikiliza kwa simu. Alisema, "Dani, hayo yote andika, watu wengine pia wagombezwe." Dani ndiyo nyanya kwa Kijaluo. Nikimaliza kuandika yeye hunyoosha herufi. Hasira nimemkataza kugusa.

Haya.

Huku kwetu, upande wa Macalder, kupanda kuna mpango wake. Mvua ikikaribia, boma lote linamngoja mama wa boma. Mama wa boma ni mimi. Mzee wangu alishatangulia, nimebaki mimi na jembe langu. Natoa mbegu, naingia shambani alfajiri, napanda mistari yangu ya kwanza, halafu ndiyo mke wa mwanangu wa kwanza anapanda, halafu wa pili, hivyo hivyo mpaka tunafika kwa shemeji zangu upande wa chini. Ukimruka mama umemtukana. Wazee wanasema ukifanya hivyo utapata chira, ile laana inayomkausha mtu akabaki mifupa. Mimi ni Msabato, chira siamini.

Lakini kurukwa siruhusu.

Mwaka huu nimewaweka wote wakingoja. Mwezi wa nne umeingia, shule zimefungwa, na ardhi bado ni jivu. Mawingu yanakuja, yanatuangalia, yanapita kwenda Kisii kama wageni walioalikwa huko. Wake za wanangu wakaanza kunung'unika kwamba wengine wanapanda kwenye vumbi na kungoja, kwa nini sisi hatupandi? Nikawaambia mimi sipandi kwenye vumbi. Sijawahi na sitaanza. Mbegu haizikwi hai.

Na mbegu yangu si ya dukani, ile inayokataa kurudi mwaka wa pili. Ni mahindi ya njano ya kienyeji. Mama mkwe wangu alinipa mwaka nilioolewa kutoka Asumbi, amezifunga kwenye kitambaa, akaniambia, "Hii usile hata ukilia." Sijawahi kuila. Nilipanda, nikavuna, nikachagua yale mazuri, nikayaning'iniza juu ya jiko moshi uyalinde na wadudu. Kila mwaka. Nimezaa na kuzika nikiwa na mbegu hiyo juu ya kichwa changu. Msimu uliopita jua lilikula shamba, nikabaki na mahindi saba tu.

Saba. Hakuna mengine popote.

Jumapili nilirudi kutoka kuteka maji, nikainama kuingia jikoni, nikaona magunzi saba matupu yamepangwa juu ya jiwe. Yamepangwa vizuri, kichwa kwa kichwa, kama viatu mlangoni mwa watu wastaarabu.

Nilidhani ni wezi. Halafu nikajiambia, mwizi gani anapanga magunzi?

Akatokea Awuor. Huyu ni mjukuu wangu wa miaka minane, mtoto wa marehemu Ouma, mwanangu wa kwanza. Analala kwangu, kitanda kimoja, ananipiga mateke mpaka asubuhi. Miguu ilikuwa nyeupe kwa vumbi mpaka magotini, meno ya mbele hayapo, anacheka.

"Dani, nimekupandia!"

Amenipandia! Sikilizeni hiyo.

Ndugu zangu, kosa halikuanzia kwake, lilianzia kanisani. Siku moja kabla, Sabato, tulihubiriwa na mzee wa kanisa mmoja kijana, wa suti ya buluu inayombana kwapani. Akasema tumwendee Mungu kama watoto. Akasema mtoto hamuulizi baba ugali wa jioni utatoka wapi, yeye anakaa tu na mikono yake kwenye magoti, anangoja sahani. Watu wakasema amina. Akauliza nani ataomba mvua. Watu wazima wakaangalia viatu vyao. Awuor akasimama juu ya benchi, hakungoja kuitwa.

"Nyasaye, Dani anangoja mvua. Na watu wote wanamngoja Dani. Basi tuletee. Amina."

Kanisa zima likacheka. Uso wangu uliwaka. Yaani mtoto amesimama mbele ya watu kumwambia Mungu kwamba mimi ndiye nimefunga njia!

Wengine waliomba wakaenda nyumbani kula. Yeye aliomba, na kwa sababu ameomba, kwake mvua ilikuwa imeshakuja, imebaki kufika tu. Kwa hivyo Jumapili akapanda juu ya kisiki kando ya jiko, akashusha mahindi saba, akapukuchua, akaenda kwenye shamba langu, akachimba kwa kijiti na kupanda yote. Mistari minne na kipande. Imenyooka kuliko ya mama yake, hiyo nitasema.

Mkono wangu uliinuka. Sikumpiga. Nilimwambia, "Nenda ukafukue. Punje moja moja. Sasa hivi."

Akaacha kucheka. Akaangalia miguu yake.

"Lakini Dani, nimeshamwambia."

"Umemwambia nani?"

"Nyasaye. Nimemwambia mbegu imeshaingia, asichelewe."

Mtoto huyu hajawahi kunikatalia kitu. Nikimtuma chumvi jioni na mbwa wanabweka, anaenda. Lakini hapo alisimama kama kigingi. Basi nikachukua kijembe nikaenda mwenyewe. Nikaanza mstari wa kwanza, naparua, nikipata punje naiweka juu ya tuta niokote nikirudi. Mgongo unaniuma, jua liko kisogoni, nasema maneno ambayo Msabato hasemi. Nikasikia kitu nyuma yangu. Kugeuka, Awuor ananifuata. Halii. Haongei. Anachukua kila punje niliyoitoa, anairudisha kwenye shimo lake, anafukia, anapiga kofi kidogo juu ya udongo.

Mimi mbele nafukua. Yeye nyuma anafukia.

Na kama ujuavyo, aibu haiji bila shahidi. Akapita Mama Otieno, mke wa shemeji yangu, na mtungi wa maji kichwani. Huyo mwanamke Mungu alimpa macho matatu na midomo minne.

"Nyar Asumbi!" Ndivyo wanavyoniita huku, binti wa Asumbi, tangu siku ya kwanza. "Sasa wewe unapanda ama unafukua?"

"Pita na njia yako."

"Napita. Lakini nikifika nyumbani nitaulizwa kama mbegu imetoka."

"Haijatoka!"

"Mbona naiona hapo chini?" Akamgeukia Awuor, akapiga goti kidogo na mtungi wake kichwani, mchokozi yule. "Kumbe mama wa boma ni huyu. Mama yetu, na sisi tupande?"

Mtoto akamjibu kwa heshima zote, "Pandeni. Mvua inakuja."

Mama Otieno alicheka mpaka maji yakamwagika mabegani. Afadhali. Alilowa yeye, kwa kuwa hakuna mwingine aliyelowa mpaka leo.

Nikatupa kijembe nikaenda nyumbani. Mbegu ikabaki chini.

Tangu hapo nimemnunia. Mtu niliyezika mume, niliyekaa benchi ya mbele kanisani miaka mingi, nanunia mtoto wa miaka minane. Nikimpa uji naweka bakuli chini kwa kishindo. Lilian, hilo usifute.

Yeye Jumatatu na Jumanne ameshinda shambani na fimbo, anafukuza kuku na kwale wasifukue mbegu. Kichwani kajifunga sweta kwa sababu ya jua. Jana nilimpitia, nikamwuliza kwa ukali, kama Mungu wako ana nguvu hivyo, kwa nini hafukuzi kuku?

Akanishangaa. "Dani, kuku ni kazi yangu. Mvua ndiyo yake."

 Nikaendelea kununa.

Sasa niandike lile ambalo limenikalia kooni, maana nimezunguka vya kutosha.

Mbegu inaniuma. Kurukwa kunaniuma. Lakini mtu hapotezi usingizi siku tatu kwa sababu ya mahindi saba, hata yakiwa ya mama mkwe.

Ouma alikuwa anachimba dhahabu. Kijana mrefu, mpole, mvivu wa kuongea. Siku moja mchana wa Jumatano wakaja kuniambia shimo limeporomoka, na yeye yuko chini. Mimi sikulia. Nilikuwa na imani, nyinyi! Niliingia jikoni, nikapiga magoti kwenye majivu, nikasema, Baba, nataka mtoto wangu. Nikasimama kama mtu aliyejibiwa. Majirani walipoanza kuleta viti na turubai niliwafukuza. "Nani amekufa hapa? Rudisheni!" Nikaweka sufuria kubwa ya maji motoni, kwa sababu nilijua Ouma atatoka na tope mwili mzima na atataka kuoga. Maji yakipoa napasha tena. Alhamisi napasha. Ijumaa napasha. Hata Sabato nilivunja kuni nikachochea moto, mimi, shemasi wa kanisa.

Jumapili wakamleta.

Yale maji yalitumika. Mnajua yalitumika kufanya nini.

Kwenye matanga, nikiwa nimejifunika leso, nilisikia mwanamke mmoja akimnong'oneza mwenzake, "Na huyu alikuwa anapasha maji ya nini?" Wakanyamaza waliponiona. Sentensi hiyo imekaa na mimi kuliko mahubiri yote niliyowahi kusikia. Maji ya nini. Ni kweli. Ya nini?

Niliomba kama mtoto nikajibiwa kama yatima.

Tangu siku hiyo mimi naomba kwa midomo. Naimba, natoa sadaka, nafagia kanisa zamu yangu ikifika. Mtu akiwa mgonjwa namwombea vizuri mpaka ananishukuru. Lakini kitu changu mwenyewe sijamwomba Mungu tena. Nasema "mapenzi yako yatimizwe" haraka haraka, kama mtu anayefunga mlango kabla mgeni hajakataa kuingia. Watu wanasema Nyar Asumbi ni mama wa imani. Mama wa imani! Nimewaacha waseme. Kiburi kina faida zake.

Kwa hiyo Awuor aliposema mvua inakuja, mimi sikuona vumbi. Niliona sufuria. Nilimwona mtoto amekaa kando ya ile mistari siku kumi, siku ishirini, na fimbo yake, mpaka siku moja anafukua punje na kukuta imeliwa na mchwa, na Mama Otieno anapita na kuuliza, "Ulikuwa unapanda nini?" Nilitaka kuifukua mbegu kabla Mungu hajamwaibisha. Nilitaka aibishwe na mimi, maana mimi ni nyanya, mimi atanisamehe.

Lakini sikumwambia hayo. Nilimwambia ni mwizi na mharibifu.

Leo asubuhi nikaona nihamishe hasira kwa mtu mzima. Nikamwita mama yake, Nyar Karungu, mjane wa Ouma. Ni mkaza mwana mtulivu mpaka anachosha. Alikuja na ungo wake wa omena, wale dagaa wa ziwani, akakaa mlangoni mwa jiko, anachambua mawe na kutupa. Nikaanza.

"Huyu mtoto wako nani amemfundisha kumwamini Mungu hivi, kama mtu asiye na akili?"

Akachambua omena mbili tatu.

"Ni wewe, Mama."

"Mimi! Lini?"

"Huwa namsimulia yale maji."

Nilihisi mtu amenivua leso sokoni. Nilimwambia, unachukua aibu yangu unampa mtoto kama hadithi? Huna adabu? Nilisema mengine ambayo siandiki. Akaningoja nimalize. Yeye huningoja nimalize, ndiyo maana tunaishi.

"Aibu gani, Mama?" Hakuinua macho kutoka kwenye ungo. "Siku zile nilikuwa nimelala hapo ndani na Awuor kifuani, maziwa yamekauka. Watu walikuwa wameshaanza kusema marehemu. Hata kaka zake walikuwa wanasema marehemu. Nikisikia wewe unavunja kuni, najua bado kuna mtu mmoja anamngoja. Ningemfuata Ouma, Mama. Sikumfuata kwa sababu ya zile kuni."

Nikainama nikachambua omena pamoja naye. Mimi.

"Na alipofika," akasema, "alikuta maji ya moto. Hakuoshwa na ya baridi kama mtu asiye na mama. Hiyo ndiyo namwambia Awuor. Kwamba baba yake alingojewa."

Nilimwambia aendelee na omena yake. Nikatoka. Sikulia, nikilia nitawaambia.

Miaka yote hii nilidhani kuna mtu mmoja tu aliyeyaangalia yale maji, yule wa kunong'ona. Kumbe kulikuwa na mwingine amelala ndani, anayashikilia kama kamba. Na mimi nimemwita mkaza mwana huyu mzembe mbele ya watu mara ngapi? Nyingi.

Nikaenda shambani. Awuor alikuwa amekaa kwenye tuta, sweta kichwani. Aliponiona alivuta fimbo karibu, akidhani nimekuja kufukua tena. Hiyo iliniuma. Nikakaa chini kando yake, magoti yakalia yote mawili.  Jogoo wa Mama Otieno akaja kuchungulia, akarushiwa donge la udongo.

Nikamwuliza, "Na isipokuja?"

Hakuuliza nini. Akafikiri. Mtoto akifikiri kweli hufungua mdomo, nikaona lile pengo lake.

"Nitamkasirikia."

"Utamkasirikia Mungu?"

"Ndiyo. Sana." Akanitazama pembeni kama anapima kama anaweza kusema. "Kama vile nimekukasirikia wewe."

"Mimi umenikasirikia?"

"Tangu Jumapili."

"Mbona sikujua? Unakuja kulala kwangu, unanirushia miguu kama kawaida!"

"Sasa Dani, nikikukasirikia nilale wapi?"

Alisema kama mtu anayemwonyesha mgeni choo kilipo. Halafu akainuka kufukuza kuku.

Yule kijana wa suti ya buluu hakutuambia hilo. Alituletea mtoto anayekaa na mikono kwenye magoti akingoja sahani. Amelea nani yule? Mimi nimelea saba. Mtoto wa kweli analia mpaka anatapika. Anakutupia kijiko. Anakwambia hakupendi, na anakwambia akiwa ameshika sketi yako kwa mikono miwili, na ukimsukuma ndiyo anakaza. Hasira yake yote anakuletea wewe, kwa sababu hana kwingine pa kuipeleka wala hatafuti.

Mimi niliacha sketi.

Siku ile tulipomzika Ouma niliiachia, nikasimama kando kwa heshima, nikaanza kumwita Mungu kwa majina marefu. Nikadhani huo ndio utu uzima. Kumbe nilikuwa nimenuna tu. Nimemnunia Mungu kama nilivyomnunia mtoto, nikiweka bakuli chini kwa kishindo na kusema amina.

Basi nikasimama hapo hapo, kati ya mistari ile, na nikasema. Kwa Kijaluo, kwa sauti, macho wazi. Sikupiga magoti, magoti yangu hayakuwa na hamu. Nilimwambia: ulimchukua Ouma wangu. Nilikuomba vizuri, nilikupashia maji mpaka Sabato, na mpaka leo hujanieleza. Nimekasirika na wewe na nimekuwa nikikudanganya kwamba sijakasirika. Sasa huyu mdogo amekupa mbegu yote ya boma hili bila kuniuliza mimi wala mtu. Usimfanyie ulivyonifanyia. Ukimfanyia, utatusikia wote wawili, na mimi nina sauti. Lete mvua.

Sikuongeza mapenzi yako yatimizwe. Akitaka yatimizwe anajua njia.

Awuor alikuwa amesimama na fimbo, mdomo wazi. Akasema, "Amina," kwa sauti ndogo, kama mtu asiyejua kama inaruhusiwa.

Halafu nikarudi nyumbani, nikachukua mtama niliokuwa nimeuficha kwenye chungu, nikachukua jembe, nikapanda mistari miwili kando ya mahindi ya mtoto. Kwenye vumbi. Mimi. Vumbi linapanda mpaka puani, udongo hata haushiki mbegu, unaipokea kama mtu aliyelala. Nilipofika mwisho wa mstari wa pili wake za wanangu walikuwa wamesimama ukingoni wakinitazama, na Mama Otieno bila shaka, maana kitu hakitokei bila yeye.

Nikawaambia, "Mbegu ya boma hili imetoka. Ilitoka Jumapili. Nimepanda mimi, kwa mkono wa Awuor. Anayetaka kupanda apande, anayetaka kungoja mvua angoje. Mimi sizuii mtu tena."

"Haya," akasema Mama Otieno. "Na Jumapili ulipokuwa unafukua?"

"Nilikuwa naangalia kama zimekaa vizuri."

Hata Nyar Karungu alicheka, huyo asiyecheka. Nilimwacha acheke. Jioni nilimpelekea majani ya chai, nikasema ni kwa sababu yamezidi kwangu. Alijua hayajazidi.

Sasa jua limetua, bado kuna mwanga kidogo wa kuandikia. Hakuna mvua. Nisiwadanganye kwamba nilipoomba kulitokea wingu dogo, halikutokea. Mbingu ni safi kama sahani iliyolambwa. Sijapata amani ile wanayoimba kanisani. Nina mbegu ya mama mkwe wangu yote ardhini, chakula cha mwaka kinaliwa na mchwa nikiandika hapa, na nimemtishia Mungu mbele ya mtoto. Moyo unanidunda kama nimekimbia. Lakini unadunda. Miaka mingi haujafanya hivyo kwa ajili ya maombi.

Awuor ameniuliza usiku wa leo vyombo vilale ndani ama nje. Nimemwambia nje.

Tumevitoa pamoja. Beseni tatu, sufuria kubwa na ndoo moja iliyotoboka, zote zimepangwa chini ya ukingo wa mabati, zinangoja maji kwenye uwanja mkavu, watu wakipita barabarani wanageuza shingo. Mama Otieno atapita alfajiri na mtungi wake na ataviona.

Avione.

Na Wewe pia, vione.